Kipimo cha Upepo

Zamu yangu huanza saa mbili usiku,
Kisenyi inapofunga maduka ya mazulia.
Pampu ya kwanza dizeli, ya pili petroli,
na kule pembeni, kwenye ukuta uliolowa oili,
mashine ya kujazia matairi. Hiyo ndiyo yangu.

Natia upepo: boda, teksi, malori ya Juba.
Mpira unanong'ona, mshale unapanda,
kipimo kinasema basi.
Naacha.

Kwetu kuna neno, buufis.
Asili yake ni kupuliza, kukijaza kitu hewa.
Ndio ugonjwa wa wanaongoja ndege.
Dada yangu Idil anao: hulala mchana
ili awe macho Minnesota ikiamka.
Faili letu lina miaka kumi na mmoja,
nambari yake naijua kuliko tarehe niliyozaliwa.

Lakini langu mimi si la ndege.
Hata wakituita kesho, nitapanda nalo.

Jirani hushusha mlango wa duka, chuma juu ya chuma,
na mimi niko Baidoa, chini ya kitanda,
nina miaka sita, nahesabu viatu vinavyopita.
Kifua kinajaa. Vidole vinakufa ganzi.
Mteja anauliza, "We, mafuta yapo?"
Nasema yapo. Sauti inatoka kwa mtu mwingine.

Katika lugha ya mama kuna mzima na kuna mwehu;
katikati hakuna hata kigoda.
Kiswahili nilifunzwa na madereva wa Mombasa,
nikakuta wana pepo na wana upepo,
ndugu wawili wasiosalimiana.
Nikajiuliza mimi nimejaa yupi.

Mjomba Shirwa hakujiuliza. Jini, akasema.
Nikasomewa siku saba,
na kisomo kilinituliza, sikatai, nililia kama mtoto.
Siku ya nane jirani akashusha mlango.

Halafu likaja lori la saruji, mwezi wa Rajabu.
Nilishika mpira, mshale ukapanda, ukafika,
ukapita.
Niliutazama unavyopita
kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe.
Dereva akaruka, akanipokonya:
"Unataka kufa?"
Lilikuwa swali la hasira tu.
Mimi nikasimama pale nikitafuta jibu.

Nakimuli wa pampu ya pili aliona.
Hakusema pole. Alisema,
"Alhamisi nampelekea kaka yangu matoke, Butabika.
Twende, utanishikia sufuria."

Mama nilimwambia naenda kulipia umeme.

Sufuria ilikuwa ya moto, niliipakata njia nzima.
Kaka yake alikula, akaniuliza kama Arsenal wameshinda.
Walikuwa wameshindwa. Tukasikitika wote wawili,
na nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nesi aliniuliza habari. Nikasema nzuri.
Akaweka kalamu chini, akangoja.
Nikasema nzuri, alhamdulillahi.
Akangoja tena.
Sijawahi kungojwa hivyo.
Sisi ndio hungoja: foleni, muhuri, simu, jina ubaoni.
Nikaanza na viatu. Nikafika cha tisa,
akasema Alhamisi ijayo tuendelee na cha kumi.

Vidonge nimevificha ndani ya soksi ya kijivu, chini ya godoro.
Kila alfajiri nikirudi kazini
mama hunipa chupa ya maji aliyoyasomea,
husimama mlangoni mpaka niimalize.
Akigeuka kuangalia chai
nameza kidonge kwa maji yake.

Juzi nililala saa tano mfululizo.
Sijui ni kidonge, ni maji, au ni kile kiatu cha tisa.
Nimeamka nikakuta amefua nguo zote,
shuka, kanzu, hata kofia ya kazini, zinachuruzika kwenye kamba.
Godoro limegeuzwa, limepigwa vumbi, limerudishwa.
Soksi ya kijivu
iko pale pale nilipoiacha.